Bibi Titi na Nguvu ya Ngoma

Mama zangu, ndugu zangu, asalaam aleikum.

Jambo langu ni lile lile, na nitalirudia mpaka likae. Kila siku tunapita Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Mwulize kijana aliye kwenye daladala huyo alikuwa nani, atakwambia alipigania uhuru na Nyerere. Basi! Alipigania akiwa na nini mkononi? Bunduki hakuwa nayo, na shule alisoma miaka minne tu.

Alikuwa na ngoma. Hapa mnivumilie nikae kidogo.

Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alikuja Dar es Salaam, akawauliza wakuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika: wanawake wenu wako wapi? Hawakuwa na wa kumwonyesha. Ndipo akaitwa Titi, binti wa Kimatumbi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba. Hakuanza kwa kuhutubia uwanjani. Aliwaendea wakuu wa ngoma, kwani alijua ukimpata mkuu umewapata na watu wake. Kufika Oktoba mwaka ule ule, wanawake wa TANU walikuwa wanahesabiwa 5,000.

Najua yupo atakayesema, "Ngoma ni mchezo, usituchanganyie na siasa." Mchezo? Ngoma ina mkuu, ina mshika fedha, ina sare. Ukialikwa, nawe unadaiwa kualika. Aliyefiwa anafikiwa, anayeoza anachangiwa. Habari ikitolewa ngomani asubuhi, jioni mtaa mzima unayo. Chama gani kilikuwa na matawi ya namna hiyo uswahilini? Wanawake wale walijua kukusanya watu kabla TANU haijazaliwa, halafu sisi tunawaandika kama watu waliokuja kupiga vigelegele! Hili linaniuma, na sitalinyamazia.

Naona naonyeshwa saa. Nilitaka kusema juu ya UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ya mwaka 1962, aliyokuwa mwenyekiti wake wa kwanza. Na ile kesi yake ya uhaini, kifungo cha maisha, msamaha wa 1972: hayo yanataka siku yake, siyapitishi mbio.

Ila kabla hamjainuka: mwenye bibi aliye hai, leo usiku akae naye. Amwulize alicheza ngoma gani, mkuu wao nani, fedha zilikaa kwa nani. Ayaandike majina yote, hata ya wale waliokuwa wakipika.