Kuua Seli Kwenye Kisahani Si Kutibu Saratani

Ndugu zangu, habari za mchana. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia kwa sababu haipiti muda bila mtu kuniletea habari kwamba majani fulani "yanaua seli za saratani". Swali langu ni lile lile: yameziua wapi? Kwenye kisahani cha maabara. Chumvi ikizidi, nayo itaziua. Maji ya moto yataziua. Kazi ngumu ni kuziua ndani ya mwili wa mtu, seli nzima, zisizo na saratani, zikasalimika, na mtu mwenyewe akabaki hai.

Chukueni vinka ya Madagaska, ua lile la petali tano za rangi ya waridi linalopandwa bustanini. Kila anayeuza mizizi hulitaja kama ushahidi wake. Basi tulisimulie vizuri. Miaka ya 1950 majani yake yalipelekwa Kanada kutoka Jamaika, na sababu haikuwa saratani. Watu walikuwa wakinywa chai yake kwa ajili ya kisukari. Mtafiti Robert Noble na wenzake wakawanywesha panya dondoo lake, yaani kiini kilichochujwa kutoka kwenye majani. Sukari haikushuka, panya hawakudhurika. Wakawachoma sindano ya dondoo hilo hilo kwenye mshipa, na baada ya siku chache panya wakaanza kufa kwa maambukizi, miili imejaa majipu. Kumbe chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeporomoka na uboho umeharibika. Hapo ndipo lilipozuka wazo: kinachofyeka chembe nyeupe za panya mzima huenda kikafaa kwa saratani ya damu, ambamo chembe hizo huzaliana bila mpaka. Mwanakemia Charles Beer akakitenga kiambato chenyewe, na mwaka 1958 wakakitangaza. Ndiyo vinblastini, dawa ya saratani. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963, na hadi leo imo kwenye tiba ya saratani ya damu ya watoto, pamoja na dawa nyingine.

Mmeona nilipotaka mfike? Kwa kinywa haikufanya lolote. Kwa mshipa ikaua. Mmea ni ule ule! Halafu mtu anasimama mbele za watu na kusema, "Hospitali wanatumia ua hili, kwa hiyo chemsheni majani yake mnywe." Hapana. Hutajwa kwamba gramu 1 ya vinblastini huhitaji takriban kilo 500 za majani makavu, na vinkristini ni haba kuliko hiyo. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 za vinkristini kwa mara moja, kwenye mshipa, na hata hapo vidole vinaweza kufa ganzi na choo kikawa kigumu. Ikiingizwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, mgonjwa hufa. Sasa niambieni, kikombe chako cha chai kina kiasi gani? Hujui. Aliyekuuzia hajui.

Kuna atakayesema, "Lakini cha asili hakina madhara." Vinkristini ni ya asili. Kiambato cha kokwa za aprikoti ni cha asili pia, na tumboni hutoa sayanidi. Kilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 178, matokeo yakachapishwa mwaka 1982: hakuna aliyepona, na wengine damu zao zilionyesha dalili za sumu hiyo. Mwingine atasema makampuni yanaficha dawa za mimea. Yanaficha nini? Paklitakseli, dawa ya saratani, ilitoka kwenye gome la mti wa yew wa pwani ya magharibi ya Marekani, lililokusanywa mwaka 1962. Iliidhinishwa mwaka 1992, na makampuni yanaiuza dunia nzima. Ile miaka 30 ilikwenda wapi? Ilikwenda kutafuta muundo wake, uliochapishwa mwaka 1971. Kisha mwanasayansi Susan Horwitz akaonyesha mwaka 1979 kwamba inakaza nyuzi ndogo za ndani ya seli hadi seli inashindwa kugawanyika. Kisha ikatafutwa njia ya kuipata bila kumaliza miti, kwa kuanzia na majani ya yew ya Ulaya. Mimea naipenda kuliko wanaoiuza kwenye chupa, ndiyo maana nataka ifanyiwe kazi ya namna hiyo.

Nilikusudia kueleza kamptothesini ya mti wa China na manjano ya jikoni, muda unanibana. Kwa kifupi: kurkumini ya manjano hufanya maajabu kwenye kisahani, lakini ukiimeza ni kidogo mno kinachofika kwenye damu. Kamptothesini ilijeruhi vibofu vya wagonjwa hadi majaribio yakasimamishwa. Wanakemia wakaibadilisha, tukapata irinotekani, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996.

Na hili msiliache hapa ukumbini. Ukiwa kwenye matibabu, mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama unaona aibu. Mmea wa hiperikamu, ambao watu huunywa kwa ajili ya sonona, ulishusha kwa takriban asilimia 40 kiwango cha kemikali ambayo irinotekani hugeuka kuwa mwilini ili ifanye kazi, kwenye damu ya wagonjwa. Nanyi madaktari, mgonjwa akikwambia, usimfokee. Ukimfokea leo, kesho atakuficha.

Watafiti mliopo, kabla ya maswali: nionyesheni dondoo lenu limefanya nini kwa seli nzima zilizowekwa kando ya zile za saratani, na kwa kiasi gani. Tuanzie hapo.