Mtoto akiwa anameza, ndipo uchome

Jambo mamani, jambo na nyinyi waganga wenzangu. Niko Kadutu, hapa Bukavu, na leo ni siku ya chanjo. Kelele ya watoto mnaisikia wenyewe. Huyu wetu ana wiki 6. Mama yake amekubali tumrekodi.

Kwanza, msimlaze mezani. Najua, hata mimi nilifundishwa hivyo: mtoto chali, mtu mwingine ameshika miguu. Anaanza kulia sindano ikiwa bado ndani ya karatasi yake! Mama akae kwenye kiti, alegeze kitenge, amkumbatie kifuani. Paja moja libaki wazi, mkono wa mama uwe juu ya goti ili mguu usiruke.

Tunaanza na rota, chanjo ya kuhara, ile ya matone ya mdomoni. Ina sukari, inamtuliza. Kisha ziwa. Hapa muangalie vizuri: msichome papo hapo akishika chuchu. Ngojeni. Mashavu yafanye kazi, mumsikie anameza. Sasa. Wamama huniuliza kama hatapaliwa. Hapana; Shirika la Afya Duniani, OMS yetu, lilishauri kunyonyesha wakati wa chanjo tangu 2015.

Mnachoma upande wa nje wa paja, katikati. Ingizeni moja kwa moja, na msivute bomba nyuma kutafuta damu: pale hakuna mshipa mkubwa, na sindano inayokaa ndani muda mrefu inauma zaidi. Kama kuna sindano ya pili, ile mnayojua inaliza zaidi ndiyo ije mwisho. Mama anamgeuza: ziwa la pili, paja la pili. Msisugue mahali pa sindano, wala msikande.

Mdomo pia. Msiseme "haiumi", maana itauma, na mwenye miaka minne hatawaamini tena. Semeni tu, "Tunaanza, mama." Halafu ile tabia yetu ya nyumbani, "ukisumbua muganga atakuchoma sindano", wazazi, mnatutesa! Mtoto anafika hapa amekwisha kutuhukumu.

Haya, huyu amelia mara moja, amerudi ziwani. Msimwondoe, amalize kunywa. Sindano inaingia kwenye sanduku bila kurudishiwa kifuniko, kadi inaandikwa. Mwingine aingie.