Mteja Ameuliza Bei, Wewe Unamjibu Dira na Dhamira

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Wengi wenu mna tovuti tayari, kwa hiyo utangulizi nauruka. Nitasema jambo lile lile ninalolisema kila ninapopewa kipaza sauti, na sitaacha kulisema mpaka tovuti zetu zibadilike. Neno la utafutaji, yaani lile mtu analoliandika Google, ni swali la mteja. Ukiliweka kwenye ukurasa bila jibu lake, hujafanya kitu.

Tuchukue kampuni ya kuchimba visima. Ukifungua tovuti yake, juu kabisa utakuta "Karibu kwenye tovuti yetu". Chini yake: "Tunatoa suluhisho endelevu katika sekta ya maji". Inafuata Dira, kisha Dhamira, kisha picha ya mkurugenzi. Sasa mwangalieni mteja. Ana kiwanja Dodoma, bomba halijamfikia. Anashika simu na kuandika "bei ya kuchimba kisima dodoma". Mwingine anaandika "gharama za kuchimba kisima kwa mita". Mwenye kiwanja hatafuti suluhisho endelevu, anatafuta kisima! Ukurasa wako hauna neno "kuchimba", hauna "bei", hauna "mita", halafu unalalamika kwamba Google inawabeba wakubwa.

Maneno haya hayatungwi mezani. Anzeni na meseji za WhatsApp za wateja wenu, mkanakili yale maswali ya kwanza kama yalivyoandikwa, na makosa yake ya tahajia. Kisha fungueni kivinjari katika hali fiche (incognito), ili historia yenu isiwadanganye. Andikeni "kuchimba kisima", wekeni nafasi, halafu jaribuni herufi moja moja: a, b, d, g. Google itawamalizia sentensi kwa mambo yanayotafutwa. Shukeni hadi chini ya ukurasa wa matokeo, someni utafutaji unaohusiana. Mkimaliza, fungueni matokeo matano ya kwanza. Kama yote ni video, watafutaji wa neno hilo wanataka kuona, na makala ndefu itapata shida hapo. Kama yote ni orodha za bei, mmeshajua la kufanya.

Kuna atakayesema: nimeangalia chombo cha maneno cha Google Ads, neno langu la Kiswahili linaonyesha sifuri. Sifuri hiyo isikutishe. Chombo kile kimetengenezwa kwa ajili ya watangazaji, na neno linalotafutwa mara chache kwa mwezi linaweza lisionekane kabisa. Kwa mchimba visima, wateja watatu wa uhakika kwa mwezi ni biashara kamili.

Sasa bei, na hapa mniwie radhi, nitakaa. Tumejizoesha kuandika "bei piga simu", "bei njoo inbox". Mteja ameandika neno "bei" kwa mkono wake, wewe umeliweka kwenye kichwa cha ukurasa ili umvute, akifika anakuta namba ya simu tu. Anarudi nyuma, anafungua tovuti inayofuata. Umepata nafasi nzuri na umeipoteza kwa uamuzi wako mwenyewe.

Mtaniambia bei inabadilika. Ndiyo, inabadilika, na hilo ndilo la kuandika! Andika kiwango cha chini na cha juu kwa mita, andika na tarehe uliyoweka bei hizo, kisha eleza kinachozipandisha. Upimaji wa kutafuta maji ni kiasi gani, na unafanyika kabla ya mtambo kufika. Uchorongaji kwenye mwamba na kwenye mchanga unatofautianaje. Mabomba ya PVC ya kuzuia kuta zisibomoke ni ya kipenyo gani. Pampu inatosha ya ukubwa gani kwa kina gani. Majaribio ya kusukuma maji yanachukua muda gani. Kibali kinaombwa Bodi ya Maji ya Bonde, kwa hiyo eleza nani anakifuatilia, kampuni au mwenye kiwanja. Angalieni kilichotokea: kila kichwa kidogo hapo kimekuwa neno la utafutaji, na hatujalazimisha hata moja. "Upimaji wa maji ardhini", "pampu ya kisima", "kibali cha kuchimba kisima". Ukurasa mmoja uliojibu kwa ukamilifu unaweza kuonekana kwa maneno mengi ambayo hukuyapanga.

Na washindani wataiona bei? Wanaijua. Walishampa mtu simu akupigie ajifanye mteja. Asiyeijua ni mteja peke yake.

Wapo wanaojifanya wajanja kwa njia nyingine. Wanachukua ukurasa mmoja, wanaunakili mara ishirini na sita, wanabadilisha jina la mkoa tu. Google inazihesabu kurasa za namna hiyo kuwa udanganyifu, na sera yake imeandikwa wazi. Ukitaka ukurasa wa Arusha, andika habari ya Arusha: maji ya ardhini ya maeneo mengi ya huko, sawa na ya mikoa ya Kilimanjaro na Singida, yana madini ya floraidi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, kwa hiyo kipimo cha maabara si cha hiari. Ukurasa wa Dar es Salaam useme kuhusu maji ya chumvi kwenye visima vya karibu na pwani. Kama huna la kusema kuhusu mkoa fulani, usiutengenezee ukurasa.

Kuhusu kurudiarudia, naomba tulimalize leo. Hakuna asilimia ya Google inayosema neno litokee mara ngapi. "Kampuni bora ya kuchimba visima Dodoma, ukitaka kampuni bora ya kuchimba visima Dodoma" ni kujishtaki mwenyewe. Maandishi meupe juu ya rangi nyeupe, vivyo hivyo. Na lile sanduku la maneno lililofichwa kwenye msimbo wa ukurasa, linaloitwa "meta keywords", ambalo mafundi wengine bado wanalitoza fedha: Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo. Septemba 2009! Fundi akikuandikia ankara ya sanduku hilo, mwulize unalipia nini.

Taa ya kijani ya Yoast, ile programu-jalizi ya tovuti za WordPress, nayo inapima kama neno ulilochagua wewe limeonekana mahali panapotakiwa. Haijui kama kuna mtu analitafuta.

Wauzaji wa vifaa, neno moja kwenu. Nakipenda Kiswahili sanifu, lakini dukani mteja anasema "laptop" na "friji". Kichwa cha ukurasa kifuate mteja. "Kompyuta mpakato" na "jokofu" yapate nafasi yake ndani ya maelezo. Mkiuza hadi Kenya, msikisie. Fungueni Google Trends, linganisheni maneno mawili, Tanzania kwanza kisha Kenya. Tena kitenzi chetu kina sura nyingi: kuchimba, uchimbaji, tunachimba, kuchimbiwa. Msiitegemee mashine iziunganishe zote. Andikeni kwa kawaida, zitajitokeza zenyewe.

Naonyeshwa dakika tano, kwa hiyo nakimbia. Kichwa cha ukurasa kisizidi herufi 60 hivi, neno kuu likae mwanzoni: "Bei ya Kuchimba Kisima Dodoma". Anwani ya ukurasa iwe fupi, maneno yatenganishwe kwa kistari cha kawaida, si kistari cha chini. Orodha ya bei isiwe picha wala bango la WhatsApp. Iandikwe kwa herufi, mashine isome. Kama una kurasa tatu zinazojibu swali lile lile, zinagombana zenyewe: ziunganishe kuwa moja, na anwani za zamani uzielekeze huko kwa uelekezaji wa kudumu, ule wa 301. Viungo kutoka tovuti nyingine naviacha, vinahitaji siku yake.

La mwisho ni Search Console, chombo cha Google kinachokuonyesha tovuti yako inaonekana kwa maneno gani, na ni cha bure. Ripoti ya utendaji inatunza miezi 16. Chagua maneno ambayo nafasi yako ya wastani ni kati ya 8 na 20 na umeonekana mara nyingi. Anza na hayo, maana Google imeshakuona, umebaki hatua chache. Rekebisha ukurasa husika, uombe usomwe upya, kisha uache wiki nne hadi sita kabla hujagusa tena. Ukibadilisha kichwa kila Jumatatu hutajua kipi kilichosaidia.