Embe la Ujiji na ile namba 16

MWALIMU: Tupo hewani? Haya. Wasikilizaji, karibuni tena, tuko Ujiji, Kigoma, na mwenzangu leo kaja na wino mpaka kwenye viwiko.

BABA ASHA: Usinicheke, Mwalimu. Nimetoka kubadilisha tona. Sura ya kwanza ya kitabu chako imenimaliza.

MWALIMU: Changu wapi! Ni cha Matt Boelkins, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Grand Valley State, Michigan, Marekani. Kinaitwa Active Calculus, ni cha kalkulasi, hesabu za vitu vinavyobadilika. Mimi nimekigusagusa tu.

BABA ASHA: Basi tuanzie hapo. Siku uliyoniletea flashi nilikuuliza, tukikamatwa je? Sisi watu wa steshenari, kurasa mbili tatu tunatoa kopi tunapiga soga. Mtu akileta kitabu kizima, roho inadunda.

MWALIMU: Nikakusomea leseni. Ni ya Creative Commons: mtaje mwandishi, sema ulichobadilisha, na toleo lako nalo liachie wengine kwa masharti hayohayo. Kuchapa ruksa. Hata kuuza ruksa.

BABA ASHA: Kwa vitabu vyote vya bure?

MWALIMU: Aa-a. Vile vya OpenStax, vya Chuo Kikuu cha Rice kule Texas, kalkulasi juzuu tatu, leseni yake haitaki biashara.

BABA ASHA: Sasa mimi nikimchapia mwalimu, akanilipa, si ndiyo biashara yenyewe?

MWALIMU: Swali hilo lilifika mahakamani kwao. Shirika la Great Minds liliishtaki FedEx Office, maduka ya kopi kama lako, kwa kudurufu vitabu vya shule vyenye leseni ya namna hiyo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema anayekitumia kitabu ni shule. Duka limetumwa tu. Ni sheria ya huko, si ya hapa, lakini wewe angalau ukalala usingizi.

BABA ASHA: Nililala. Haya, waambie habari ya embe.

MWALIMU: Jamani! Ngoja nijitetee kwanza. Uzuri wa kitabu hiki, kwangu, si kwamba hakiuzwi. Bure yenyewe ina gharama: bando, karatasi, tona yako. Uzuri ni kwamba faili lake la asili unapewa. Limeandikwa kwa PreTeXt, lugha ya kompyuta ya kuandikia vitabu, unahariri sehemu moja, unapata PDF na kurasa za intaneti kwa pamoja. Sasa mwanzoni kabisa kuna mpira umerushwa juu, kimo chake kwa futi, sekunde t zikipita, ni 64 − 16(t − 1)². Nikasema futi za nini kwa watoto wa Ujiji? Nikafuta mpira, nikaweka embe. Nikafuta futi, nikaweka mita.

BABA ASHA: Na 16 ukaiacha.

MWALIMU: Na 16 nikaiacha! Binti mmoja wa kidato cha tano, PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, akanyoosha mkono: "Mwalimu, embe hili limerushwa sayari gani?" Maana 16 ni nusu ya 32, na hiyo 32 ni mchapuko wa mvutano wa dunia kwa futi. Kwa mita ni 9.8, nusu yake 4.9. Halafu embe lenyewe linaanzia mita 48 juu, linafika 64. Nani ana mkono huo?

BABA ASHA: Na mimi nimeshachapa nakala 40.

MWALIMU: Tukaanza upya. Embe limeiva, limeanguka lenyewe kutoka mita 10: 10 − 4.9t². Si kwenye ile miembe ya makumbusho ya Livingstone, mwembe wa kawaida wa uani. Nikawauliza, sekunde ya kwanza ikitimia, lina kasi gani? Wakapima kati ya sekunde 1 na 1.1, wakapata wastani wa mita 10.29 kwa sekunde. Mpaka 1.01, ikawa 9.849. Mpaka 1.001, 9.8049. Yule aliyeniumbua akasema polepole, "Inaikaribia 9.8 lakini haifiki." Na hicho ndicho kikomo, namba inayokaribiwa, na neno lenyewe sijalitaja bado!

BABA ASHA: Lakini wazazi walinijia dukani. Wanasema kitabu hakina maswali yaliyokokotolewa.

MWALIMU: Yapo machache mno, na mwandishi kakusudia, anataka mwanafunzi ahangaike kabla ya kusoma maelezo. Kwa hilo mimi na yeye tunatofautiana kidogo. Mtoto ana mtihani wa taifa, wa NECTA, lazima aone jibu kamili linavyopangwa mstari kwa mstari. Kwa hiyo kila sehemu nimeongeza mawili. Leseni inaruhusu, na jalada linasema nimeongeza mimi, asije akatukanwa yeye kwa makosa yangu.

BABA ASHA: Kama lile la 16.

MWALIMU: Hutaliacha, eh? Hivi zile nakala 40 ulizipeleka wapi?

BABA ASHA: Nilimpa mama wa karanga pale stendi. Anafungia karanga.

MWALIMU: Ndiyo maana! Juzi binti yuleyule kaniletea karatasi ya karanga, ina mafuta, chumvi, na 16 imekatwa kwa kalamu nyekundu.

BABA ASHA: Kakupa ngapi?

MWALIMU: Hakunipa maksi. Kaandika "rudia".