Hati Iliyovuka Bahari: Wapuritani wa 1630

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Leo tunawafuata Wapuritani, Wakristo waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, walioondoka Uingereza mwaka 1630 kwenda Amerika wakiongozwa na John Winthrop. Kaka Salim, Winthrop alikuwa mwanasheria mwenye mashamba yake; kilichomng'oa kwao ni nini?

SALIM: Imani, dada Neema, na hofu. Mfalme Charles wa Kwanza alilivunja Bunge mwaka 1629, na maaskofu walikuwa wakiwabana wahubiri wa Kipuritani. Lakini naomba tuishike hati. Machi 1629 mfalme aliipa Kampuni ya Massachusetts Bay hati ya kumiliki eneo la Massachusetts, huko Amerika, na haikutaja mikutano ya wanahisa ifanyikie wapi. Basi wakasafiri nayo!

NEEMA: Hati yenyewe, melini?

SALIM: Ndiyo, pamoja na gavana na uongozi wote. Kampuni ya biashara ikawa serikali, mbali na macho ya mfalme. Kwangu mimi, hakuna shehena iliyokuwa na uzito kuliko karatasi ile.

NEEMA: Meli zilikuwa 11, abiria wapatao 700. Arbella, meli aliyopanda Winthrop, iling'oa nanga Yarmouth, kisiwa cha Wight, tarehe 8 Aprili. Kesho yake wakaona meli nane nyuma yao, wakadhani ni maharamia wa Dunkirk, bandari ya ng'ambo ya Uingereza. Mizinga ikawekwa tayari, wanawake na watoto wakashushwa chini.

SALIM: Kumbe ni meli za amani.

NEEMA: Kilichonigusa zaidi katika shajara ya Winthrop ni wale watoto waliolewa bahari. Walipandishwa sitahani, ikafungwa kamba hadi mlingoti mkuu, wakapangwa huku na huku wakiiyumbisha mpaka miili ikapata joto. Wakachangamka!

SALIM: Tarehe 12 Juni wakafika Salem, makazi ya Waingereza huko Massachusetts. Walowezi waliotangulia walikuwa wamedhoofu, chakula hakitoshi. Kufikia Desemba watu kama 200 walikuwa wamekufa. Mtoto wa Winthrop, Henry, alizama siku moja tu baada ya kuwasili. Wengine wakarudi Uingereza. Februari 1631 ndipo meli Lyon ilipoleta chakula na maji ya limau ya kutibu kiseyeye.

NEEMA: Na wenyeji tusiwapite, kaka. Maradhi ya 1616 hadi 1619 yalikuwa yameshafagia vijiji vya Wamassachusett pwani nzima. Mashamba waliyoyakuta wazi yalikuwa na wenyewe.

SALIM: Kabisa. Na mwaka 1634, ndui ilipowaua wengine, Winthrop akaandika kwamba Mungu ndiye aliyewathibitishia haki ya ardhi. Inaniumiza kuisoma. Mtu aliyemlilia mwanawe anaona vifo vya watoto wa wenzake kuwa hati nyingine.

NEEMA: Na ile ya mfalme, ilimpa nani kauli?

SALIM: Mwaka 1631 waliamua kura iwe ya wanaume waumini wa makanisa yao tu. Wakatawala kwa hati ile miaka mingi, hadi mahakama ya London ilipoifuta hati mwaka 1684.