Herufi au Amri: Kukiongoza Kioo cha Mistari Miwili

Hamjambo, vijana? Wa nyuma sogeeni mbele, kwa sababu nitakachowaonyesha ni kidogo. Wengi wenu mmekiona madukani Luthuli Avenue, Nairobi: kioo cha buluu cha kuonyeshea maandishi (LCD), chenye mistari miwili, herufi 16 kila mstari. Chipu yake ni HD44780, iliyobuniwa na Hitachi ya Japani, au nyingine inayotii amri zilezile. Kikiwaka bila herufi, geuzeni kwanza kidude cha V0, kile cha kukoleza herufi, kabla hamjakirudisha dukani.

Chipu hii inapokea namba tu, zinazotumwa na programu yenu. Namba ikifika, ni herufi au ni amri? Waya mmoja ndio unaoamua, RS. RS ikiwa na umeme, 65 inaandika A. RS ikiwa haina, 65 hiyohiyo ni amri ya kwenda mahali pa kuchorea herufi, tutafika huko. Namba 1 nayo, RS ikiwa haina umeme, inafuta kioo kizima.

Na hii ya kufuta ndiyo inayonigombanisha na wanafunzi kila mara. Amri nyingi huchukua mikrosekunde 37 hivi. Kufuta huchukua milisekunde moja na nusu, yaani mikrosekunde 1,500. Mtu anafuta kila programu inapozunguka, kioo kinapepesa, halafu analaumu umeme. Usifute! Andika juu ya maandishi ya zamani. Ila uwe macho. Tuseme unaonyesha maji ya tangi la ploti. Lilikuwa 100%, wapangaji wakafua, likashuka hadi 99%. Kioo kitasema 99%%, kwa kuwa ile alama ya mwisho hakuna aliyeigusa. Ongeza nafasi tupu moja mwishoni, basi.

Kuchagua pa kuandikia, RS ikiwa haina umeme, unatuma 128 ukijumlisha na anwani, yaani namba ya nafasi unayoitaka. Mstari wa kwanza unaanzia 0, wa pili 64. Kwa hiyo amri ni 128 na 192. Kumbukumbu ina nafasi 40 kwa kila mstari, ingawa sisi tunaona 16. Ndiyo maana sentensi ndefu inapotelea pembeni, kisha herufi ya 41 inaibukia mstari wa pili.

Kiswahili hakisumbui hapa, hata ng'ombe anaandikika. Lugha ya Gĩkũyũ je? Toleo la kawaida la chipu lina herufi za Kijapani, lakini ĩ na ũ hazimo. Tunazichora wenyewe. Tumepewa nafasi nane, kila moja vitone 5 kwa 8. Amri 64 inafungua nafasi ya kwanza, kisha, RS ikiwa na umeme, unatuma namba nane, moja kwa kila safu ya vitone, kuanzia juu; vitone vya safu, kutoka kushoto, ni 16, 8, 4, 2 na 1, nawe unajumlisha vile unavyotaka vionekane. Kwa ũ mimi hutumia 13, 18, 17, 17, 17, 19, 13, 0. Kiwimbi kinagusana kidogo na u, lakini inasomeka. Herufi kubwa itabidi muifupishe, maana inajaza safu karibu zote.

Mkimaliza kuchora, tumeni tena 128. Msipotuma, kila mtakachoandika kitaendelea kuingia kwenye michoro, na kioo kitakaa kimya. Kisha, RS ikiwa na umeme, tumeni 0, na ũ itatokea.

Haya, nani atakuja ubaoni atuandikie namba nane za ĩ?