Mwalimu wa Kwenye Skrini na Mtoto Anayeinamisha Macho

Mwangaluka, ndugu zangu! Walimu wenzangu, na ninyi walimu tarajali mliojazana mpaka mlangoni, asanteni kwa kuja.

Nilikuwa nafundisha Kidato cha Kwanza, hapa hapa Tabora. Nimemaliza mada, nikauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyoooo!" Nikapita kati ya madawati. Kuna binti alikuwa anaandika, anafuta, anaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Miezi michache nyuma alikuwa anasoma hisabati kwa Kiswahili. Sasa kila kitu Kiingereza. Nikainama. Akaninong'oneza, "Mwalimu, sijui hata swali linataka nini."

Kwa ajili ya yule binti nimekuja kuzungumzia avata, mhusika wa kwenye skrini mwenye sura na sauti, anayemsaidia mwanafunzi huku akijaribu kutambua hali ya moyo wake. Wazo hili si la jana. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ya kompyuta ya kuzungumza na mtu kwa maandishi, ELIZA. Ilichukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali, basi, haikuelewa kitu. Hata hivyo katibu muhtasi wake alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha. Tazameni mtu alivyo na kiu ya kusikilizwa! Baadaye Chuo Kikuu cha Memphis kikatengeneza AutoTutor, inayofundisha kwa mazungumzo, na watafiti wake wakajaribu kuifanya imtambue mwanafunzi aliyechanganyikiwa.

Hapo kwenye kutambua ndipo nawaomba muwe macho. Mtoto wetu akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho. Sisi tunaita adabu. Avata inayomtazama kwa kamera, ikiwa imefunzwa kwa nyuso za kwingine, itasema hasikilizi. Umoja wa Ulaya, tangu Februari 2025, umepiga marufuku mifumo ya akili mnemba inayokisia hisia za wanafunzi, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Naunga mkono kabisa.

Lakini avata haihitaji kamera. Jibu lililofutwa mara nne linatosha. Imuulize kwa Kiswahili, "Neno gani hapa hulielewi?", kisha imsubiri, pasipo wenzake kumcheka. Akikwama siku tatu mfululizo, imwite mwalimu, maana huenda nyumbani kuna njaa au msiba.

Yule binti nilimsomea swali kwa Kiswahili. Lilikuwa la sehemu. Alilimaliza kabla sijafika dawati la pili.